Ratiba na mzigo: shajara ya maonyesho yetu ya Vita vya Kwanza vya Dunia

Jumamosi, 11 Januari

Tumeanza. Fundi amekata plaiwudi tatu katikati, tumepata mabango sita, kila moja futi nne kwa nne. Bawaba zimenunuliwa, rangi nyeupe galoni moja, gundi, pini. Fedha iliyobaki ni ya uchapishaji wa picha tu, na najua haitatosha.

Wazo ni maonyesho ya kukunjwa, yapakiwe kwenye guta, yazunguke shule za hapa Tanga mjini, kisha Muheza na Korogwe. Mpango wangu wa kwanza ulikuwa mabango mawili ya sababu, mawili ya mapigano, mawili ya matokeo. Mwenzangu wa Jiografia aliutazama, akanirudishia karatasi: "Mwalimu, huu si mpango wa maonyesho, huu ni mtihani wa kidato cha nne." Nilicheka, ila neno lake limenikaa.

Hapa Tanga vita hivi vina kitu kimoja ambacho kila mtoto anakijua, nacho ni nyuki. Muulize mwaka, atababaika. Muulize Waingereza walishindwaje hapa Novemba 1914, atakwambia nyuki waliwakimbiza mpaka baharini. Nyuki walikuwepo kweli. Milio ya risasi iliwatibua, wakauma wa pande zote mbili bila kuuliza bendera. Lakini hawakushinda vita. Nimejiwekea sharti kwamba nyuki wapewe sentensi moja tu.

Jumamosi, 18 Januari

Kikao cha kwanza na wanafunzi wa klabu, kumi na wanne wamekuja. Nikauliza sababu za vita. Wakaziimba kama wimbo wa mchakamchaka: ushindani wa makoloni, mashindano ya silaha, mikataba ya siri, utaifa, mauaji ya Sarajevo. Mmoja aliongeza "kukua kwa ubepari", wengine wakampigia makofi.

Kisha msichana wa kidato cha tatu, ambaye kwa kawaida hasemi, akauliza: "Mwalimu, hivyo vyote si vilikuwepo 1911 kule Moroko? Mbona hawakupigana?"

Nilitaka kumjibu haraka, nikajizuia. Ana haki. Ujerumani na Ufaransa zilikwaruzana juu ya Moroko mwaka 1905 na tena 1911, zikamalizana kwa meza. Austria-Hungaria iliitwaa Bosnia rasmi mwaka 1908, Urusi ikakasirika, ikanyamaza. Mwaka 1912 na 1913 Balkani iliwaka mara mbili, na dola kubwa zikakaa London kutafuta suluhu. Manowari za kisasa zilishaanza kushindaniwa tangu Uingereza ilipozindua Dreadnought 1906. Kuni zote zilikuwa zimekauka miaka kadhaa, na moto ulikataa kushika.

Orodha ya wimbo inaeleza kwa nini vita vingeweza kutokea. Haielezi kwa nini vilitokea wiki ile. Nimefuta bango la 1 lote, penseli tu, hasara hakuna.

Jumatano, 29 Januari

Bango la 1 sasa ni visanduku 38. Kuanzia tarehe 28 Juni 1914, siku Gavrilo Princip, kijana wa miaka 19, alipomuua Franz Ferdinand, mrithi wa kiti cha enzi cha Austria-Hungaria, na mkewe Sophie huko Sarajevo, mpaka tarehe 4 Agosti Uingereza ilipoingia vitani, ni siku 38 ukihesabu zote mbili. Nimewapa wanafunzi kazi ya kujaza kila kisanduku kwa jambo lililotokea siku hiyo.

Walichogundua kimewashangaza, na mimi pia, ingawa nimelifundisha somo hili miaka mingi: sehemu kubwa ya ubao ni tupu. Watu walienda likizo. Tarehe 5 na 6 Julai Ujerumani inaiahidi Austria kuiunga mkono liwalo na liwe, kisha Kaisari Wilhelm anapanda merikebu yake ya starehe kwenda Norway. Askari wengi wa Austria wako mashambani kwa ruhusa ya mavuno. Rais wa Ufaransa yuko safarini Urusi, na Vienna inasubiri aondoke ili yeye na mwenyeji wake wasipate kupanga jibu pamoja. Ndipo tarehe 23 Julai Serbia, ambayo Austria inailaumu kwa mauaji yale, inapewa masharti na saa 48 za kujibu.

Baada ya hapo visanduku havitoshi maandishi. 28 Julai Austria inaitangazia Serbia vita, kwa telegramu. 30 Julai mfalme wa Urusi anaidhinisha jeshi lote liitwe. 1 Agosti Ujerumani dhidi ya Urusi, 3 Agosti dhidi ya Ufaransa, 4 Agosti majeshi ya Ujerumani yanavuka mpaka wa Ubelgiji, na Uingereza inatoa hoja ya mkataba wa 1839 uliolinda kutofungamana kwa Ubelgiji.

Mvulana mmoja akasema: "Siku ishirini na tano wamelala, siku kumi na tatu wanakimbizana." Nimeiandika sentensi hiyo chini ya bango, kwa mwandiko wake.

Jumamosi, 8 Februari

Leo tumekaa juu ya swali moja: kwa nini walikimbizana? Nadhani nimepata uti wa mgongo wa maonyesho, nao ni treni.

Mwaka 1914 jeshi la mamilioni halikuweza kufika mpakani kwa miguu kwa wakati. Lilifika kwa reli, na reli inaenda kwa ratiba. Kila nchi kubwa ya bara la Ulaya ilikuwa na ofisi ya maofisa ambao kazi yao ya mwaka mzima ilikuwa kupanga behewa lipi lipite daraja lipi dakika ipi. Mpango wa Ujerumani ulitaka Ufaransa imalizwe kwa takriban wiki sita kabla Urusi, yenye ardhi kubwa na reli chache, haijamaliza kukusanya watu wake. Kwa hiyo Urusi ikianza kuita jeshi, kila siku Berlin inayosubiri ni siku iliyopotea. Na njia ya kwenda Paris kwenye ratiba hiyo ilipita Ubelgiji. Ugomvi wa Austria na Serbia ukawa, ndani ya ratiba, shambulio juu ya mji wa Liège, Ubelgiji.

Kuna kisa kimoja nimewasimulia wakanyamaza. Jioni ya tarehe 1 Agosti ilifika telegramu kutoka kwa balozi wa Ujerumani huko London iliyofanya ionekane Uingereza ingeweza kuizuia Ufaransa isiingie. Kaisari akafurahi, akamwambia mkuu wa majeshi, Moltke, basi tupeleke jeshi lote mashariki. Moltke akajibu haiwezekani: jeshi la watu milioni haligeuzwi kwa kuamka tu, likigeuzwa litafika likiwa kundi la watu wenye silaha wasio na chakula. Telegramu yenyewe ilikuja kujulikana usiku uleule kuwa ni kutoelewana. Lakini baada ya vita, ofisa aliyewahi kuongoza idara ya reli ya jeshi lile alichapisha hesabu zake kuonyesha kwamba kugeuza kungewezekana.

Sitaki wanafunzi waondoke na fikra kwamba treni zilileta vita. Ratiba iliandikwa na watu, na watu walijificha nyuma yake. Hilo ndilo ninaloliona mimi. Mwenzangu wa Jiografia haafiki, anasema nawaonea maofisa wa reli. Tumekubaliana tusikubaliane, akaniazima ramani yake kubwa ya Ulaya.

Jumanne, 11 Februari

Mvua ya usiku. Mabango mawili yalikuwa yameegemezwa ukutani chini ya dirisha. La 2 limevimba kona moja kama andazi. Fundi amekuja, amelitazama, amesema tu "Mwalimu, plaiwudi hainywi chai." Kona imekatwa, ikawekwa kiraka. Shilingi elfu nane ambazo hazikuwa kwenye bajeti.

Jumamosi, 15 Februari

Bango la 3: Tanga. Nilidhani hili litakuwa jepesi kwa sababu tuko nalo, tunalikanyaga kila siku. Wanafunzi wawili wamekwenda Ras Kasone na daftari, wakapima kwa hatua zao umbali kutoka walikoshuka askari hadi stesheni. Wamerudi wamechoka, wana jua la kutosha.

Kwanza ilibidi tueleze kwa nini vita vilifika huku hata kidogo. Mkataba wa Berlin wa 1885 ulikuwa na vifungu vilivyoruhusu makoloni ya ukanda wa bonde la Kongo, Afrika Mashariki ikiwemo, yatangazwe kuwa nje ya vita vya wakubwa wao. Gavana Heinrich Schnee alitaka iwe hivyo. Gavana wa Kiingereza huko Nairobi naye alisema koloni lake halina maslahi katika vita hivi. Haikusaidia. Tarehe 8 Agosti 1914, siku nne tu baada ya London kutangaza vita, manowari ya Kiingereza Astraea ilipiga makombora Dar es Salaam ikilenga mnara wa mawasiliano. Wiki iliyofuata Wajerumani waliingia Taveta, upande wa Waingereza. Tarehe 20 Septemba manowari ya Kijerumani Königsberg iliizamisha manowari ya Kiingereza Pegasus bandarini Zanzibar, kisha ikajificha kwenye delta ya Rufiji mpaka ilipomalizwa Julai 1915.

Halafu Tanga. Tarehe 2 Novemba meli za Waingereza zilitokea na askari wapatao 8,000 walioletwa kutoka India, wengi wao wakiwa wamechoshwa na safari ndefu ya bahari. Badala ya kushuka moja kwa moja, nahodha mmoja aliingia bandarini kwanza kudai mji usalimu amri. Mji haukusalimu. Uliomba muda wa kufikiri, na huku telegramu ikikimbia kwenda kwa Paul von Lettow-Vorbeck, kamanda wa jeshi la Wajerumani, upande wa Kilimanjaro. Reli ya Usambara ilikuwa imeshafika Moshi miaka michache tu kabla, kilomita 352. Kampuni za askari zikapakiwa kwenye mabehewa, zikashuka Tanga kabla washambuliaji hawajauzunguka mji. Walinzi walikuwa kama elfu moja. Tarehe 5 Waingereza walikuwa wanarudi melini, wamepoteza watu zaidi ya 800 waliokufa na kujeruhiwa, wameacha ufukweni bunduki kwa mamia na risasi zaidi ya laki tano.

Nyuki wamepata sentensi moja. Sentensi ndefu, nakiri.

Reli ndiyo iliyoshinda Tanga, na wanafunzi waliliona kabla sijasema. Kumbe bango la 2 na bango la 3 ni hadithi moja. Tukauliza: na kule ambako reli ilikoma?

Jumamosi, 22 Februari

Siku bora ya mradi huu mpaka sasa, niliandike vizuri.

Afrika Mashariki ya Kijerumani ilikuwa na reli mbili kuu, ya Usambara na ile ya Kati iliyofika Kigoma mwanzoni mwa 1914. Kusini kote, kuanzia Rufiji hadi Ruvuma, hakuna kitu. Wanyama wa mizigo hawakuishi: mbung'o waliua farasi, nyumbu na ng'ombe wa jeshi kwa maelfu. Magari yalizama kwenye tope la masika. Kwa hiyo kila kilichokula, kilichopiga na kilichotibu kilipanda juu ya kichwa cha mtu.

Tulileta darasani mfuko wa sembe wa kilo 25, kata ya kitambaa, na mzani tulioazima dukani Barabara ya Nane. Mzigo wa mpagazi ulikuwa karibu na uzito huo. Kila aliyetaka aubebe kichwani kuzunguka uwanja wa mpira. Wavulana wawili wenye maneno mengi waliutua nusu mzunguko. Msichana wa swali la Moroko alimaliza mizunguko mitatu, akasema kwao Pangani anabeba zaidi ya hapo na hakuna anayempigia makofi.

Kisha hesabu ubaoni. Tuchukulie mtu anakula kilo moja ya unga kwa siku. Ghala liko mwendo wa siku kumi kutoka kwa askari. Mpagazi anaondoka na kilo 25. Anakula kumi njiani akienda, na lazima abakize kumi za kurudia. Anachokabidhi ni kilo tano. Siku ishirini za kutembea, kilo tano. Maana yake, kumlisha askari mmoja kila siku wanahitajika wapagazi wanne njiani muda wote, bila kubeba hata risasi moja. Sogeza ghala liwe mwendo wa siku kumi na mbili: anakula ishirini na nne, anakabidhi kilo moja. Sasa askari mmoja anahitaji wapagazi ishirini na wanne.

Darasa lilipiga kelele. Mmoja aliuliza siku ya kumi na tatu inakuwaje. Nikamwambia fanya mwenyewe. Akafanya, akapata kwamba mzigo umekwisha kabla mtu hajafika kwao, akakaa chini polepole.

Suluhisho la makamanda lilikuwa rahisi: kupunguza chakula cha mpagazi. Unga ulitolewa nusu, ulipikwa haraka na kuni mbichi, au walipewa mahindi watu ambao maisha yao yote walikula ndizi. Kuhara damu kukawamaliza. Waingereza waliandikisha wapagazi wanaokaribia milioni moja katika maeneo yao yote, na vifo vilivyoandikwa ni takriban 95,000, vingi vikiwa vya maradhi na njaa. Upande wa Wajerumani hakuna orodha ya kuhesabu. Watu walichukuliwa vijijini kwa majumbe na kamba.

Bango la 4 limeshapatikana: mzani halisi, mfuko halisi, na hesabu ile kwa chokaa ili mgeni aifute na kuifanya tena.

Jumamosi, 8 Machi

Ramadhani imeanza, kazi inakwenda asubuhi tu. Fundi anaondoka adhuhuri na simlaumu.

Ulaya tumeipa nusu bango, nayo imejaa. Wiki moja ya makombora milioni moja na nusu kabla ya mapigano ya Somme, Ufaransa. Tarehe 1 Julai 1916 Waingereza 19,240 wamekufa kwa siku moja. Gesi ya sumu huko Ypres, Ubelgiji, tarehe 22 Aprili 1915. Viwanda vya Ujerumani vikitengeneza naitrojeni kutoka hewani kwa sababu meli za Uingereza zimezuia madini ya Chile, naitrojeni ileile inayoenda kwenye mbolea na kwenye baruti. Ni vita vya viwanda, na viwanda havikuchoka mpaka watu walipochoka.

Ubishi mkubwa wa wiki umekuwa juu ya puto. Wavulana wanataka zepelini iwekwe, mimi nilisema ni pambo. Mwezi Novemba 1917 Wajerumani walirusha zepelini L59 kutoka Jamboli, Bulgaria, imebeba tani kama 15 za dawa, risasi na vifaa kumpelekea Lettow-Vorbeck. Ilikuwa ivunjwe ikifika, ngozi yake ishonwe mahema na nguo. Ilifika anga ya Sudan, ikapata amri ya kurudi, ikakaa hewani saa 95 kwa jumla. Sikushawishika mpaka mmoja wao alipogawa: tani 15 ni mizigo 600 ya kilo 25. Chombo cha ajabu kuliko vyote vya zama zile, na mbele ya wapagazi ni msafara wa asubuhi moja. Imewekwa.

Walitaka pia sarafu za Tabora, zile za shaba zilizopigwa mwaka 1916 wakati koloni limezingirwa, kwa kutumia hata maganda ya risasi. Nimekubali picha moja ndogo. Na meli Rubens iliyojifanya ya Kidenmaki, ikafukuzwa mpaka ghuba ya Manza hapa kaskazini yetu Aprili 1915, ikawaka moto, na shehena yake ikaopolewa majini, risasi zikaanikwa juani kama dagaa. Hii sikuhitaji kushawishiwa.

Jumamosi, 22 Machi

Matokeo. Hapa ndipo nilipokwama wiki mbili, kwa sababu matokeo yako kila mahali na bango ni futi nne.

Tulianza na karatasi za kubandika, kila mtu aandike tokeo moja. Nusu nzima waliandika Hitler. Si kosa. Mkataba wa Versailles ulitiwa saini tarehe 28 Juni 1919, miaka mitano kamili tangu Sarajevo, ukaibebesha Ujerumani dhamana ya hasara, na mwaka 1921 deni likawekwa marka za dhahabu bilioni 132. Falme nne zilianguka: ya Urusi, ya Austria-Hungaria, ya Wajerumani na ya Waturuki. Mipaka ya Syria, Iraki na Palestina ilichorwa na London na Paris. Nimewaambia kwamba malipo ya mwisho ya hati za mkopo zilizotokana na deni lile Ujerumani iliyafanya tarehe 3 Oktoba 2010, wakadhani natania.

Lakini nilitaka waangalie chini ya miguu yao. Nikawapa majina, nikawaambia wanitafutie.

Kariakoo. Wote wanaijua ya Dar es Salaam, wawili walisikia Kariokor ya Nairobi. Hakuna aliyejua kwamba ni neno moja, jina la kikosi cha wapagazi cha Waingereza, Carrier Corps, lilivyotamkwa na waliobeba. Walipiga kambi pale, jina likabaki, sokoni.

Mtunya. Hili ni jina la Wagogo kwa njaa iliyowapiga kuanzia mwishoni mwa vita. Majeshi ya pande zote mbili yalipita Ugogo yakichukua ng'ombe, nafaka na wanaume. Mvua ilipokosekana hapakuwa na akiba wala mtu wa kulima. Juu yake ikaja homa ya mafua ya 1918, iliyofuata reli, bandari na wapagazi waliokuwa wanarudi kwao.

Kipande. Huko Kenya sheria ya kuandikisha wanaume Waafrika ilipitishwa 1915 katikati ya vita, ikaanza kutekelezwa vilivyo baada yake: kila mtu mzima na cheti chake na alama za vidole, katika kibweta cha chuma shingoni. Wakati huohuo askari wazungu waliorudi waligawiwa ardhi nyanda za juu. Mishahara ya wapagazi wengi waliokufa haikuwafikia ndugu zao. Ofisa mmoja wa Wizara ya Makoloni aliandika waziwazi kwamba jambo hili halikuwa kashfa kwa sababu tu walioumia zaidi ni wapagazi, na nani anajali wapagazi.

Uasi wa John Chilembwe huko Nyasaland (Malawi ya leo), Januari 1915, ulikuja baada ya yeye kuandika gazetini kupinga Waafrika kufa kwa ugomvi usiowahusu. Uasi wa Barue huko Msumbiji 1917 uliwashwa na kusakwa kwa wapagazi. Hivi viwili viko ukingoni mwa bango, vinastahili bango lao wenyewe.

Mkonge. Mashamba ya Wajerumani hapa Tanga yalitaifishwa kama mali ya adui, yakapigwa mnada, wakanunua Wahindi, Wagiriki na Waingereza. Mababu wa wanafunzi wangu watatu walikata mkonge kwenye mashamba hayo bila kuhama, kilichobadilika ni lugha ya msimamizi.

Na lugha yetu. Hapa wanafunzi walinibishia, nikawaomba wanisikilize. Baada ya vita, Tanganyika ikawa chini ya Waingereza kwa udhamini wa Shirikisho la Mataifa, Rwanda na Urundi zikaenda kwa Wabelgiji. Ghafla Tanganyika, Kenya, Uganda na Zanzibar zote ziko chini ya serikali moja ya London. Ndipo wakataka Kiswahili kimoja cha vitabu vya shule: mkutano wa Mombasa 1928 ukachagua Kiunguja, si Kimvita cha Mombasa, kamati ya lugha ya nchi hizo nne ikaundwa 1930. Mtu wa Mvita anaweza kukuambia leo alichopoteza siku ile. Hata shajara hii nimeiandika kwa Kiswahili kilichopimwa na kamati iliyozaliwa na vita.

Alhamisi, 27 Machi

Bi mmoja jirani wa shule, mpishi wa futari, aliona mabango yakikauka barazani. Nikamwamkia, akaniuliza ni ya nini. Nilipomweleza wapagazi, akaanza kuimba kwa sauti ya chini kipande cha wimbo wa Beni alichokisikia kwa mama yake, na mikono ikipiga hatua za gwaride. Beni ilikuwa ngoma ya mwambao, na vita ndivyo vilivyoisambaza bara, askari na wapagazi wakiwa na vyama vyao vya Marini na Arinoti, na vyeo vyao vya kujipa wenyewe, mfalme, jenerali, daktari. Nilimwomba nirekodi. Akasema baada ya Idi, sasa amefunga na koo limekauka.

Jumamosi, 12 Aprili

Maonyesho ya kwanza, ukumbi wa shule jirani. Guta liliharibika pancha Barabara ya Kumi na Tano, tukabeba mabango sita kwa vichwa na mikono umbali uliobaki. Wanafunzi hawakuacha kunikumbusha ratiba.

Wageni wengi walikwenda moja kwa moja kwenye mzani. Mzee mmoja alisimama mbele ya picha ya sanamu ya Askari ya Dar es Salaam, ile iliyowekwa 1927 mahali palipokuwa na sanamu ya Wissmann, gavana wa Kijerumani, akaitazama muda. Akauliza: "Mwalimu, huyu ana bunduki. Mwenye mzigo yuko wapi?" Mwanafunzi aliyekuwa zamu akamwonyesha picha ya soko la Kariakoo. Mzee akasema: "Aa, pale ndipo nilipoibiwa simu." Tukacheka sote, na kwenye kadi ya maoni ameandika kwa herufi kubwa: ONGEZENI MAJINA YA VIJIJI WALIKOTOKA.

Kisanduku cha tarehe 28 Julai kimeondoka na gundi, tumekitafuta hatukukiona.

Jumamosi, 26 Aprili

Kabla ya kwenda Muheza:

Mzani umerudishwa kwa mwenyewe, anaudai kila siku, tutafute wetu. Bawaba ya bango la 5 inalia. Wimbo wa Beni umerekodiwa, dakika nne, unahitaji spika ndogo. Vijiji: wanafunzi watatu wataanza na kwao wenyewe, kuuliza wazee kama kuna babu aliyekwenda "kariakoo" na asirudi. Mchirizi wa rangi kwenye bango la 1 uondolewe.

Na kosa langu, limegunduliwa na yule msichana wa Moroko. Ramani ya 1914 inaonyesha mpaka wa kusini ukifuata Ruvuma mpaka baharini. Sivyo. Wajerumani walikuwa wameitwaa Kionga, ile pembe ndogo kusini mwa mdomo wa mto, tangu 1894, na Wareno hawakurudishiwa rasmi mpaka baada ya vita. Nimechora mpaka wa 1922 kwenye ramani ya 1914, na mwenzangu wa Jiografia aliipitisha. Jumatatu nakuja na brashi.